Nani Anakushikia Sweta

Nilikuwa nachambua kunde za chakula cha jioni, majani huku na mabua kule, Gavana alipokata kona ya Majengo akitembea kama mtu aliyetumwa na serikali. Nikajua kuna habari. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi langu. Nasema langu kwa sababu Baba Warigia, mume wangu, alilitengeneza nianikie masufuria, lakini tangu nianze kupika kahawa ya mbuni, yale makapi wanayoyaacha mashambani, masufuria yangu hukauka chini. Kahawa naitoa mimi, sukari wanakuja nayo wao. Asiye na sukari anakunywa chungu, na kila siku naomba uchungu huo uwafunge midomo. Bado haujawafunga.

Jina la Gavana ni Macharia. Zamani alikuwa tarishi wa ofisi ya D.C., na tangu hapo hasemi jambo, hutangaza. Alitangaza akiwa bado amesimama. Redio ya dukani kwa Mhindi imesema wanawake wa Uingereza wamevuka bahari hadi Australia, wamecheza kriketi na wanawake wa huko, nchi kwa nchi, kutwa baada ya kutwa. Wanasimama kula, wanasimama kunywa chai, kisha wanaendelea.

— Nani alishinda? akauliza Dakika Moja.

— Hakuna. Sare. Ndiyo maana wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Dakika Moja ni Muigai, fundi wa baiskeli, ambaye kila jioni hupitia dakika moja tu na huondoka giza likimfukuza. Habari hiyo ilimwuma waziwazi. Alisema yeye akitaka kwenda Nairobi kutafuta tairi lazima apange foleni ya kibali, aulizwe ukoo wake na anakokwenda kulala. Na hao wake za watu wanapanda meli, timu nzima, waende mwisho wa dunia kurusha mpira.

— Na hata hawashindi, akasema. Mimi ningeshinda.

Mimi masikio yangu yalibaki kwenye chai. Gavana alikuwa ameeleza vizuri kwamba chai huletwa, wachezaji hukaa wakanywa, vikombe vikaondolewa. Hakuna aliyeuliza vinaondolewa na nani. Wanawake wenye mikono na miguu kama mimi, kutwa nzima juani kwa kupenda kwao, na jioni sufuria ya mtu mwingine inachemka. Nilivunja bua la kunde kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

Hapo ndipo Kilonzo alipofungua mdomo. Kilonzo ni jirani yetu wa mlango wa pili. Anavuta rola, lile gurudumu la chuma la kusawazisha ardhi, na kukata nyasi kwenye uwanja wa klabu ya Wazungu, na wanaume humtania kwa jina la Rola. Tangu afike alikuwa hajagusa kahawa, kikombe kimepoa mkononi.

— Msiangalie Australia, akasema. Hata hapa Thika imeanza.

Akaeleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Yule memsahib ambaye Mwongeli, mkewe, anamfulia nguo, alicheza kriketi shuleni kwao zamani. Habari za Australia zilipoanza kutoka redioni, akawakusanya Wazungu wanawake wa Thika wacheze na wenzao wa mashamba ya kahawa ya Ruiru Jumamosi hii. Wote walitaka kupiga, hakuna aliyejua kurusha. Sasa Mwongeli amekulia Ngoliba, akifukuza ndege kwenye mtama, na siku moja memsahib alimwona akimtupia jiwe kunguru aliyegusa nguo kambani. Kunguru hakurudi tena. Basi akaitwa uwanjani, akafundishwa kunyoosha kiwiko, akaambiwa awarushie mamemsahib wanapofanya mazoezi. Kilonzo alikuwa pembeni akiokota mipira.

Mpaka hapo, alisema, hakuwa na neno. Lakini jana jua lilikuwa kali. Mwongeli akavua sweta. Bwana wa memsahib, ambaye alikuwa amesimama kama refa, akanyoosha mkono, na Mwongeli akampa.

— Akampa, akarudia Kilonzo. Na yule Mzungu akaifunga kiunoni. Mikono ya sweta ya mke wangu imefungwa fundo mbele ya tumbo lake, na yeye amesimama hivyo mpaka mazoezi yakaisha.

Akatuonyesha fundo kwa vidole, hapo kwenye kitovu.

— Kesho haendi, akasema. Na Jumapili nampeleka Ngoliba kwa mama yake. Yeye na Syombua.

Syombua ni mtoto wao. Wakati huo alikuwa kwenye mkeka wangu pamoja na Warigia na Ngina wangu, wanalishana kwa mchezo mabua ya kunde niliyotupa. Mikono yangu ilisimama. Mwanamke akirudishwa kwao na mtoto mgongoni, hata ikiwa ni kwa hasira ya wiki moja, kumrudisha huchukua wazee na mbuzi na maneno mengi, na mara nyingine haiwezekani. Nimeona.

Wanaume waliona mlango umefunguliwa, wakaingia wote.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akatangaza Gavana. Wahenga hawakusema chakulani, wala kitandani. Walisema nguoni. Na sweta ni nguo.

Dakika Moja alisema shida si nguo, shida ni fundo. Kwao mahari huanza kwa kufunga mbuzi kamba. Mtu akifunga kitu chako mbele ya watu, amekwisha anza maneno. Gavana akaona hilo ni dogo. Yeye alishuku timu ile ya Australia yote ilipatikana hivyohivyo: mabwana wanashika sweta, meli inangoja, na mwanamke akiulizia sweta yake anaambiwa iko melini. Australia ni nchi kubwa, haina watu, lazima inajazwa kwa njia fulani. Dakika Moja akamshika Kilonzo bega kwa huruma.

— Wapiganapo tembo nyasi huumia, Rola. Na nyasi ni zako, wewe ndiye unazikata.

Nikawaambia mtoto wa watu hawezi kurudishwa Ngoliba kwa sababu ya uzi wa sufu. Gavana akanijibu kwamba mambo ya ndoa ni mazito, niwaachie wanaume. Nikammiminia machicha ya kahawa, akayanywa.

Benta akatokea na kigae mkononi, kuomba moto. Ni mke wa karani wa stesheni, walihamia juzi kutoka Kisumu, na bado hajajua nani hupewa heshima gani Majengo. Nilipokuwa nikimchagulia kaa zuri alisimama akisikiliza, maana Gavana alikuwa ameanza tena kutoka kwenye meli. Benta alisikia mpaka mwisho, kisha akamgeukia Kilonzo kwa adabu.

— Shemeji, hao mabwana wanapocheza wao, nani huwarushia mpira wa mazoezi?

— Mimi.

— Na wewe ukivua sweta, anakushikia nani?

Gavana aliangalia juu, mahali anapotafutia methali. Kilonzo alizungusha kikombe mkononi.

— Naweka kwenye nyasi, akasema.

Akaendelea mwenyewe, bila kumtazama mtu.

— Nimewarushia tangu nije Thika. Yule bwana mwenyewe namrushia mpaka anashindwa kuupiga, na anacheka, ananiita mkono mzuri. Sweta iko chini. Siku moja mbwa wake aliilalia, bwana akasema nisimwamshe. Na ya Mwongeli, wiki haijaisha, anaifunga kiunoni.

Basi ndiyo ilikuwa hiyo. Nilimwona ameinama, nikaelewa kwamba jana yote hakuwa akimwangalia yule bwana. Alikuwa akimwangalia mkewe, akiona heshima ambayo yeye hajapewa. Benta alichukua kaa lake, akanishukuru, akaenda kuwasha jiko. Gavana akaomba kahawa na birika lilikuwa tupu.

Mwongeli alifika nikisonga ugali. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni, na sweta alikuwa ameivaa. Alimbeba Syombua, akatazama nyuso za benchi, akauliza kuna msiba gani. Wanaume wakamwachia Kilonzo.

— Kesho huendi, akasema Kilonzo, lakini sauti ilikuwa imepungua.

— Kwa nini, Baba Syombua?

— Sweta.

Mwongeli aliitazama. Akasema memsahib alimwambia ni desturi ya mchezo, anayerusha humpa refa nguo zake, basi akampa. Alidhani na Kilonzo hushikiwa.

— Hanishikii mtu.

— Sikujua. Hukuwahi kuniambia.

Akaketi ukingoni mwa mkeka, akavua viatu.

— Na Jumamosi sichezi, mkisikia watu wanasema nacheza. Jumamosi napeleka chai. Mkono wangu wanautaka kesho na keshokutwa tu.

Kwa hiyo nikapata jibu la vikombe. Sikulifurahia.

Dakika Moja alimkonyeza Gavana, wakaaga, maana benchi bila kahawa na bila ugomvi ni ubao tu. Niligeuza ugali mara ya mwisho. Neno la Ngoliba lilikuwa bado hapo kati yetu, na hakuna aliyeligusa.

— Unamrushia wapi memsahib? akauliza Kilonzo.

— Katikati, kama alivyosema.

— Anataka katikati kwa sababu hapo anapiga. Mguu wake wa mbele ni mzito. Kesho rusha kwenye vidole vya miguu.

— Atakasirika.

— Atakasirika, akakubali Kilonzo, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo alikunywa kahawa yake, baridi hivyohivyo.

Mwongeli akamwuliza vidole vya mguu gani. Kilonzo akachukua bua la kunde, akamchorea kwenye vumbi.

Baba Warigia alirudi kutoka kiwanda cha mkonge, nyuzi kwenye nywele. Alitazama mchoro chini, akauliza kama chakula kiko tayari. Nikawaita wote waliokuwapo, kwa kuwa Mwongeli hakuwa amepika na mimi nilikuwa nimesonga wa kutosha. Nikapakua ugali na kunde, nikanawisha watoto mikono, nikahesabu vichwa kama ninavyofanya kila jioni. Mume wangu, Warigia, Ngina, Kilonzo, Mwongeli. Syombua nilimhesabu mwisho, mapajani mwa baba yake, anakula.