Swali la Kumuuliza Mtazama Nyota

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, binti wa Fundi Cherehani hupiga simu kutoka chuo cha mbali anakosomea nyota. Zamani mama yake ndiye aliyekuwa akipokea, wakicheka nusu saa nzima. Tangu mama azikwe, simu humfikia Fundi: wanasalimiana, wanaulizana kama mvua imenyesha, basi. Jumamosi hii Fundi alikuwa ameapa kuuliza swali la maana. Saa tatu na nusu akaacha mashine, akatoka hadi kwenye benchi mbele ya duka, futikamba shingoni, akawaomba wenzake wa kahawa wamsaidie kulitafuta: Wembe, kinyozi, na Kisigino, mshona viatu.

— Kwanza tuambie anafanya nini huko, alisema Wembe.

— Anachunguza galaksi vibeti. Ni vikundi vidogo vya nyota, hafifu mno, vinavyozunguka galaksi yetu. Mwanga wa nyota anautandaza uwe rangirangi kama upinde wa mvua. Humo hutokea mistari myeusi. Hiyo ndiyo inayomwambia nyota ina madini gani na inakwenda kasi gani.

— Mistari? Basi nyota imeshonwa! Kisigino akadakia. Muulize ni sindano namba ngapi.

— Acha ushamba wewe, alisema Wembe. Hizo ni nywele kwenye kioo cha darubini. Muulize wanafuta mara ngapi.

— Kioo cha wasomi kiwe na nywele?

— Changu nafuta kutwa, na bado zimo!

Fundi akashusha pumzi.

— Anasema nyota hizo ni za kale sana, chuma chake kidogo mno.

— Upungufu wa damu huo! Wembe akajipiga paja. Ndiyo maana hafifu. Wazipe maini.

— Tena zinakwenda kasi, zilitakiwa ziwe zimeshatawanyika. Kuna kitu kisichoonekana kinachozizuia.

— Gundi, alisema Kisigino. Tena si hii ya dukani.

— Gundi wapi! Wembe akapinga. Ni mama mkwe. Humwoni, lakini nani athubutu kutoka?

Zilibaki dakika tano simu ipigwe. Akaja mama mmoja na sketi iliyoharibika zipu, akauliza wanabishania nini. Wakamweleza wote kwa pamoja, nyuzi, nywele, maini na mkwe. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Na huyo mtoto anayekesha na nyota, analala saa ngapi?

Wembe akachungulia kikombe chake. Kisigino akamtazama Fundi. Fundi, aliyejua habari za chuma na za kasi, hilo hakulijua.

Simu ikaita.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Hivi wewe, unalala saa ngapi?

— Silali, baba. Hata siku nisizo na darubini. Tangu tumzike mama.

— Hata mimi, alisema Fundi, akaketi. Haya, nieleze.