Bi Futi Anaondoka Dirisha Namba Mbili

Mtutu ulikuwa umeshapita kwenye nondo za dirisha, umenielekea kifuani, na mwenye bunduki alikuwa bado anaongea. Hakukusudia kunipiga, nasema ukweli. Alikuwa na hasira tu, na mtu mwenye hasira husahau mkono wake umeshika nini. Ndipo mkono wa Bi Futi ukapita mbele ya uso wangu na ile futi yake ya mbao ya kupimia, akaugusa mtutu taratibu, kama mtu anayemsogeza mbuzi mlangoni, akausukuma mpaka ukaangalia pipa la mchanga.

"Baba, pa kuangalia ni huko," akamwambia. "Huyu mwanangu umeshamtisha vya kutosha."

Huyo ndiye tunayemuaga leo Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja kwenye dirisha namba mbili la ofisi yetu ya vibali vya silaha. Jumatatu hayupo. Nimeambiwa niandike mimi kwenye jarida letu la ofisi kwa sababu nimekaa naye kiti kwa kiti miaka minne, na kwa sababu wengine wote walipoulizwa walikumbuka ghafla kwamba wana kazi. Maneno yangu si mengi, wanaonijua wanajua. Nitasema niliyoyaona, na machache aliyonisimulia mwenyewe.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa wa dirisha hilohilo. Siku hizo, anasema, mtu alikuwa analaza bunduki juu ya kaunta kama anavyolaza mwavuli. Mwaka wake wa pili akaja mlinzi mmoja kukaguliwa, akaapa mbele ya foleni nzima kwamba silaha yake haina kitu ndani. Ikalia. Tundu liko kwenye dari mpaka leo, pembeni kidogo ya taa. Mafundi rangi wameshakuja mara tatu, na mara tatu Bi Futi amesimama chini ya ngazi akawakatalia kuliziba. Mfanyakazi mpya akija anaonyeshwa tundu kwanza, choo baadaye.

Baada ya siku hiyo alitafuta pipa la mafuta lililochoka, akalijaza mchanga kwa ndoo, yeye mwenyewe, akaliweka chini ya dirisha. Na akaanzisha utaratibu wake. Mwenye silaha anaifungua mwenyewe, mdomo wa mtutu ukielekea mchangani. Bi Futi anachungulia, anaingiza kidole, anachungulia tena. Halafu anasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, kwa sauti. Halafu anapima mtutu. Hapo ndipo anafungua kitabu cha kibali. Chuma kwanza, karatasi baadaye. Ukianza na karatasi, alikuwa anasema, jicho linakwenda kwenye chuma likiwa na majibu tayari.

Futi yake ina mstari mwekundu. Mstari huo ndio urefu ambao sheria imesema mtutu usipungue. Watu wengi waliudharau. Walikuja wenye madaraka, walikuja wenye haraka, wote walilazwa kwenye mstari huo huo. Jina lake limetoka hapo, na limeshika kiasi kwamba hata wanawe wakipiga simu ofisini wanaomba kuongea na Bi Futi. Nilimuuliza siku moja kwa nini inchi mbili tatu zisumbue watu hivyo. Akaniambia bunduki ndefu unamwona mtu akija nayo, lakini iliyokatwa unaiona ikiwa imeshafika.

Msidhani ni mtu wa kukunja uso tu. Kuna mama mmoja alifiwa na mume, akakaa na bunduki ya marehemu miezi mitatu uvunguni akidhani ni urithi kama shamba. Alipoambiwa na shemeji yake kwamba kibali kinakufa na mwenye nacho, na silaha inatakiwa irudishwe, alipata hofu, akaifunga kwenye blanketi la mtoto akapanda nayo basi. Njia nzima watu wanampisha. Kijana mmoja akamwachia kiti, bibi mmoja akaomba amfunue mtoto amwone. Mama wa watu akasema, "Amelala, ana homa." Alipofika dirishani kwetu alikuwa analia, anasubiri pingu. Bi Futi akapokea blanketi kwa mikono miwili, akatazama ndani, akasema, "Mbona amefanana na baba yake." Foleni nzima ilicheka, na yule mama naye akacheka huku machozi yanamtoka. Halafu Bi Futi akaacha kucheka, akafungua silaha. Risasi mbili zilikuwamo. Alikuwa amezipakata kwenye basi mwendo wa saa mbili.

Jioni ile chai yake ilipoa mezani bila kuguswa.

Hili ndilo nataka lijulikane, maana wengi wanamsifu kwa ujasiri na yeye sifa hiyo haipendi. Bi Futi alikuwa anaogopa. Miaka thelathini na moja, kila bunduki. Kabla ya kugusa silaha yoyote alikuwa anafuta viganja kwenye sketi, kulia halafu kushoto, na sketi zake zote za kazi zimepauka hapo. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, tukiwa chini ya tundu: "Siku utakayoacha kuogopa dirisha hili, omba uhamisho siku hiyohiyo."

Sasa nirudi kwa yule mwenye mtutu. Ni mfanyabiashara wa mbao, mcheshi, kila mtu hapa anamjua. Miezi minane iliyopita, siku za mwisho za kukagua vibali, foleni ilikuwa imetoka mpaka getini na Bi Futi alikuwa ameitwa kwa Mkuu wa ofisi. Nilikuwa peke yangu. Tajiri wa mbao akaja na bunduki yake ya mitutu miwili ndani ya mfuko, akaitoa nusu tu, akanifungulia kitabu mwenyewe, akanisomea namba mwenyewe, huku ananitania. "Kijana, hata msichana utamtongoza kwa barua wewe? Haya andika, andika, mbao zinanisubiri." Watu wakacheka. Mimi nikichekwa naangalia chini, na chini palikuwa na karatasi. Nikaandika alichosema. Penye urefu wa mtutu nikaandika urefu wa mwaka jana. Nikagonga muhuri.

Saa tisa Bi Futi akapitia daftari kama kawaida yake, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kikasimama. Kila siku nikipima mtutu huwa naandika kwa kusitasita, herufi zimejaa wino. Mstari ule ulikuwa msafi. Akauliza polepole, "Huu uliupima au uliunakili?"

Nikaufunika mstari kwa kiganja. Kwake hilo lilikuwa jibu.

Jamani, mimi niliona jela. Kukata mtutu ni kosa, na anayegonga muhuri juu ya mtutu uliokatwa ana kosa lake, hilo limebandikwa ukutani kwetu kwa maandishi makubwa. Na kama haukukatwa? Hatukujua, ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Mtu alikuwa mjini na silaha ambayo serikali imesema ni nzima kwa sababu mimi nimeona aibu kuinua kichwa. Nilimfikiria mama yangu akiletewa habari. Nilifikiria pia, na hili ninaliandika kwa haya, kwamba tukinyamaza hakuna atakayejua mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine Bi Futi atakuwa nyumbani kwake.

Naye alijua hilo. Alikuwa amebakiza miezi minane na faili safi kuliko la mtu yeyote katika jengo hili. Alifuta viganja kwenye sketi, ingawa hapakuwa na bunduki mezani. Akaandika barua kwa mkono. Hakuandika kwamba kijana amekosea. Aliandika: "Dirisha namba mbili limekosea. Dirisha ni langu." Akampelekea Mkuu. Mkuu akasema mwenye silaha aitwe arudi nayo kabla ya kufunga, na asiporudi askari wamfuate.

Alirudi, na ndipo yakatokea yale niliyoanza nayo. Mtutu ulipokwisha kuangalia mchangani Bi Futi aliulazia futi. Haukufika mstari mwekundu. Ulipungua inchi nne, na mdomo ulikuwa na mikwaruzo mipya ya msumeno.

"Ilikuwa inakwama kwenye mlango wa gari," tajiri akasema. "Wezi wananimaliza pale kiwandani, nitafute nafasi ya kugeuza bunduki? Na ni mali yangu. Nimeinunua kwa jasho langu."

"Yako kuitunza, baba. Si yako kuikata," Bi Futi akamjibu. "Nani kaikata?"

"Fundi wa mageti."

"Fundi wa mageti!" Akatikisa kichwa. "Ingekupasukia usoni, sisi tungekuja kukuona ukiwa umefungwa bandeji kama kifurushi. Sheria imekuonea huruma kuliko fundi wako."

Askari wa getini alikuwa ameshasogea. Tajiri akaiachia bunduki, akasaini karatasi ya kuizuia. Kabla ya kuondoka alinitazama mimi, akamwambia Bi Futi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza mbao: "Mama wewe unastaafu. Huyu anabaki."

Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Kwa kuwa aliirudisha siku ileile, mahakama ilimtoza faini tu, ikamzuilia silaha mpaka fundi mwenye leseni afunge mitutu mipya ya urefu halali. Mimi nilipata onyo la mdomo. Bi Futi alipata barua ya onyo. Na majuma mawili yaliyofuata alinisindikiza kila jioni mpaka kituo cha basi, yeye mama wa miaka hamsini na tisa, mimi kijana wa ishirini na sita, na alikuwa anatembea upande wa barabarani. Gari likipunguza mwendo nyuma yetu, nasikia anafuta viganja.

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba katika sherehe hizi husomwa vyeti vya mtu. Bi Futi anavyo saba, mtavisikia vikisomwa. Naomba isomwe na ile barua ya onyo. Katika faili la miaka thelathini na moja kuna barua moja tu ya onyo, na barua hiyo ilikuwa yangu mimi. Aliipokea kwa niaba yangu kama mtu anavyopokea mzigo wa mwenzake kwenye ngazi.

Leo saa sita amenikabidhi. Funguo mbili za stoo, muhuri, daftari, pipa. Nilidhani ile futi angeondoka nayo, au angenipa kwa maneno mazuri nikalia. Akanisainisha. Futi ni mali ya ofisi, namba kumi na saba kwenye orodha ya vifaa, akaniambia nikiivunja nitailipa. Baada ya kusaini akazunguka kaunta, akatoka upande wa wananchi, kwa sababu mtu aliyekwisha kukabidhi haruhusiwi kusimama nyuma ya dirisha. Mkuu alimwambia leo si neno, abaki mpaka wakati wa sherehe. Akakataa. Amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini kama mgeni, na keki iko chumba cha pili.

Bi Futi, tunakushukuru kwa vidole vyote ulivyovitia mahali ambapo sisi tusingethubutu. Tunakuombea nyumba tulivu, sketi mpya, na asubuhi zisizo na chuma. Ukisikia mlio, uwe mlango tu umegongwa na upepo. Nenda salama, mama yetu, na viganja vyako vikauke.

Mimi inabidi niishie hapa, mpiga chapa atarekebisha penye makosa. Imebaki dakika tatu dirisha lifunguliwe tena baada ya mapumziko ya mchana, na wa kwanza kwenye foleni ni tajiri wa mbao, ana barua ya mahakama, amekuja kuchukua bunduki yake. Amekaa benchi moja na Bi Futi. Silaha iko hapa mezani kwangu na mitutu yake mipya. Ni lazima niifungue, niisome, niipime mbele ya macho yake, halafu nimpe mkononi. Nimeshafuta viganja kwenye suruali mara mbili na bado vimelowa, kwa hiyo uhamisho sitauomba leo.