Mama Jumla Anaondoka na Ushindi Asioutangaza

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari, kitengo cha takwimu cha uwanja wetu wa ndege kitabaki na kiti kitupu na utulivu ambao hatujauzoea. Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa kitengo, tunayemwita Mama Jumla mbele yake na majina mengine asipokuwepo, anastaafu.

Alianza kama karani wa kuhesabu abiria mlangoni, enzi za kuhesabu kwa kidole, ambapo chafya moja ingeweza kukupotezea ndege nzima. Tangu hapo hajaacha. Kwenye harusi yangu alinipongeza kwa idadi ya waliofika, kisha akakaa hadi mwisho ili apate na ya walioondoka. Nyumbani kwake mgeni huhesabiwa anapowasili na tena anapoaga. Wifi yake aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi mitatu aliivuruga sana hesabu hiyo.

Mfanyakazi mpya akimuuliza ni uwanja upi wa ndege wenye shughuli nyingi kuliko yote duniani, humjibu kwa swali: kwa kipimo kipi? Kisha humkalisha chini. Uko unaoongoza kwa abiria. Uko unaoongoza kwa mizigo, ingawa ukumbi wake wa abiria umepoa. Na uko unaoongoza kwa ndege kutua na kuruka, hata kama kila ndege imebeba watu wawili na mkate. Kila kutua ni moja, kila kuruka ni moja, na abiria anayepita tu na ndege ileile huhesabiwa mara moja. Somo hilo halina njia ya mkato, na chai hupoa.

Hakuna meneja aliyewahi kumyumbisha. Kuna mwaka ndege iliruka, ikageuza na kurudi kwa sababu rubani alikuwa amesahau miwani. Meneja wa wakati huo, akiona mwaka unaisha na idadi haipendezi, alishauri abiria wale waandikwe kuwa wameondoka na pia wamewasili. Mama Jumla alimuuliza wamewasili wapi. Meneja akakumbuka kwamba ana kikao mahali pengine.

Lakini huwezi kuusimulia utumishi huu ukamwacha shemeji yetu. Mume wa Mama Jumla ni mkuu wa takwimu katika uwanja wa ndege wa mji mwingine, mwendo wa saa moja angani. Walipooana kila mmoja aligoma kuacha kazi, wakapatana hivi: uwanja mmoja ukiushinda mwingine kwa shughuli, aliyeshindwa ataacha kazi na kumfuata mwenzake. Mapatano mazuri, ila hawakusema kwa kipimo kipi. Sisi tuna abiria wengi. Wao wana chuo cha urubani, na vindege vya wanafunzi hutua na kuruka kutwa nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila Januari mke alitangaza ushindi wa abiria, mume akatangaza ushindi wa kutua na kuruka, na kila mtu akabaki mjini kwake. Ndoa ikawa ya wikiendi.

Hata hizo wikiendi hazikuwa shwari zote. Mwanafunzi mmoja alitua vibaya, ndege ikadunda mara tatu kabla ya kutulia, na shemeji akaandika kutua mara tatu. Mama Jumla alipiga simu hadi makao makuu, ikabidi utolewe waraka kwamba kudunda si kutua. Wikiendi ile ilikuwa zamu ya mume kupika, na inasemekana alipika chakula cha mtu mmoja.

Mwaka jana, kustaafu kukikaribia, wote wawili walichoka. Asiyewajua angedhani Mama Jumla atastaafu tu na kuhamia kwa mumewe. Hapana, mapatano yalikuwa pale pale. Shemeji amebakiza miaka minne kazini na anaipenda kazi yake kuliko usingizi, lakini aliapa kwamba akishindwa ataacha siku hiyohiyo. Wakakubaliana mizigo ndiyo iamue, kwa tani, bila rufaa.

Ofisi haikukalika. Huku tulishangilia kila kreti ya maua. Kule shemeji aliwabembeleza wauza vitunguu wasafirishe kwa ndege. Desemba ilipofika walikuwa sako kwa bako. Ndipo ikatua ndege ya mizigo na fahali mmoja wa mbegu, shingo kama pipa, aliyepanda mzani na kukataa kushuka mpaka akaletewa majani. Fahali huyo ndiye aliyetupa ushindi. Tulipiga vigelegele mpaka wazima moto wakaja kuuliza kuna nini.

Mama Jumla hakushangilia. Alimpigia mumewe simu mbele yetu, akamwambia kwa sauti kavu kwamba mshindi ni yeye mume, kwa kilo chache. Fahali hakumtaja. Furaha ya shemeji ilisikika hadi meza ya mwisho. Tulipomkodolea macho, alisema ripoti rasmi itakwenda na tani sahihi, hiyo haiguswi na mtu. Lakini mwanamume yule akiacha kazi atakuja kukaa sebuleni kwake kuhesabu magari dirishani, na atanyauka. Tena, alisema bila kupamba, amemkosa sana.

"Nimechoka kumpokea na kumsindikiza," alisema. "Nataka niwe naye tu."

Kisha akatuahidi kwamba atakayefungua mdomo atahamishiwa kwenye takwimu za mabegi yaliyopotea.

Mama Jumla, asante kwa ukali wako, kwa vicheko, na kwa kutufundisha kuhesabu kilichopo. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na miaka mingi mezani na mwenzako.

Nawe shemeji, jarida hili hubandikwa ubaoni kwenu kila Jumatatu, na mkeo anaruka Jumamosi. Ukifika kwenye mstari huu, nguo zake zimeshaingia kabatini mwako. Ulishindwa, shemeji, tena na ng'ombe. Barua ya kuacha kazi usiiandike. Rudi nyumbani jioni, jivune kama mshindi, na usimwonyeshe kwamba umejua.