Majina ya Saa Sita Mchana

Risala ya Kamati ya Wasikilizaji, Studio ya Kaskazini ya Redio Msonobari, kaunti ya Aroostook, jimbo la Maine, Marekani. Imesomwa na katibu, Bi Jeannine Michaud.

Mgeni rasmi, Bi Harriet Lindqvist, Mkurugenzi Mkuu wa redio yetu,

KARIBU

Umeendesha gari kwa muda wa saa tano kutoka Portland kwenye theluji hii. Pole sana kwa safari. Chapati zetu za ploye ziko mezani, bado za moto, na siagi ipo. Tuvumilie tusome kwanza, maana tunajua mtu akishashiba ploye hasikilizi tena.

TULIKOTOKA

Studio hii ilianza mwaka 1979 katika chumba cha nyuma cha ghala la viazi. Kabla ya hapo, habari za bunge la jimbo kule Augusta zilitufikia zimeshapoa. Ndipo akaja Réginald Cyr, huyu aliyekaa hapa mbele na mkongojo wake. Kila siku ya kikao, saa sita mchana, alisoma jinsi kila mbunge wa kaskazini alivyopiga kura, jina kwa jina, bila kutia chumvi. Mama zetu walizima mashine za kufulia wapate kusikia. Jumamosi kulikuwa na fidla na soga za Kifaransa cha bibi zetu. Jamani, siku zile tumezikumbuka mno.

TUNACHOJIVUNIA

Mwaka mmoja ulikuja muswada wa kufunga shule ndogo, ya kwetu ikiwemo. Normand Cyr, mbunge wetu na mdogo wake Réginald wa tumbo moja, aliuunga mkono. Réginald akalisoma jina lile kama mengine. Taarifa ya hali ya hewa haijaisha, simu ya studio ikalia.

"Kaka, si ungenipita tu kimya kimya? Mama anasikiliza."

"Ndiyo maana," Réginald alimjibu. "Angeniuliza jina lako liko wapi."

Hawakusemezana miezi kumi na moja. Kila Jumapili mama yao aliwaketisha ncha mbili za meza, akawapelekea sahani mwenyewe. Mwishowe Normand alikuja hapa kwa miguu yake, akakaa mbele ya maikrofoni, akaeleza kwa nini. Shule ilifungwa vilevile, na wengine wetu hatujamsamehe mpaka leo. Lakini alitueleza mwenyewe, nasi tukamsikia.

KINACHOTUUMA

Septemba Réginald alifanyiwa upasuaji wa nyonga, habari zetu zikasomwa kutoka Portland. Msomaji, mwenye sauti nzuri tu, akatangaza kwamba wanafunzi wa Aroostook wako kwenye likizo ya mapumziko. Mapumziko! Watoto walikuwa shambani, wameinama tangu alfajiri wakiokota viazi. Shule zetu hufungwa wiki tatu kwa kazi hiyo. Tulicheka mpaka machozi.

Mwezi uliopita ikaja barua yako, kwamba Réginald akistaafu leo, kuna mpango wa kutojaza kiti chake na kuifunga studio.  Yeye ameendelea kuja kila siku, anafuta meza vumbi, anasoma. Sisi ndio tumeshindwa kunyamaza, maana inatuuma.

OMBI LETU

Hatuombi jengo wala mitambo mipya. Tunaomba mtu mmoja anayeishi huku, akae kwenye kiti hiki, asome majina.

Na kama umeshaamua vingine, Bi Lindqvist, tafadhali usituandikie barua ya pili; tuambie mwenyewe, hapa hapa. Imebaki dakika kumi ifike saa sita. Réginald anakwenda kusoma habari zake za mwisho, na ya kwanza ni hii ya studio yetu. Jina lako ameshaliandika. Uamuzi wako ameuachia nafasi wazi kwenye karatasi.

Mungu akubariki, akulinde barabarani, akufikishe kwako salama.

Ni sisi,
Kamati ya Wasikilizaji, Studio ya Kaskazini