Mtu Mdogo Ndani ya Jicho la Fundi Saa

Bisha sasa hivi, maana nikimaliza hutakuwa na pumzi ya kubishia. Mimi, niliyeiacha shule kabla haijaniacha, nimeona kitu ambacho wenye digrii wanakisoma tu. Ilikuwa asubuhi, kijiweni kwetu nje ya duka la saa, kwenye benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Mama Kahawa anamimina. Kamusi, karani anayelala na Kiingereza, kainamia simu. Fundi Saa, baba yangu mzazi, kanuna. Jicho lake la kulia, lile la kuchungulizia saa, lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, weupe mtupu. Siku hiyo alitakiwa hospitali kupasuliwa. Kagoma.

— Sipeleki jicho langu likachokonolewe, akasema. Ninalo la pili.

— La pili lina kazi ya kulitafuta la kwanza, nikamwambia.

— Funga bakuli lako wewe.

Kamusi akakohoa, kile kikohozi chake cha kutaka tumsikilize.

— Jamani, mboni ya jicho Waingereza wanaiita pupil.

— Hiyo si mwanafunzi? nikadakia. Neno nimelitoroka darasa la sita, limenifuata mpaka hapa?

— Ndilo hilo. Ila la jicho limetoka Kilatini: mwanasesere mdogo. Kwa sababu ukimtazama mtu mboni kwa karibu, unaona kijitu humo ndani. Wewe mwenyewe, umekuwa kadogo!

Tukacheka. Mama Kahawa akatua birika, akamshika Kamusi kidevu.

— Mungu wangu! Nimo! Mpaka kilemba changu!

— Ndiyo maana mwongo hakutazami, nikasema. Anaogopa utamwona yule mdogo anavyotikisa kichwa.

— Mie nadhani hawatoki, akasema Kamusi, sauti imeshuka. Kila uliyewahi kumtazama yumo. Wamepanga foleni mpaka kisogoni.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Kahawa akageuka.

— Fundi, na kwenye hilo bovu, yumo nani?

Baba akalisugua lile jicho. Kahawa ikapoa mikononi.

— Njoo utazame, baba akaniambia.

Sasa elewa: kwetu baba hakaziwi macho. Ukigombezwa, unatazama kucha za miguu. Miaka yote hiyo nilimjua baba kuanzia kidevuni kushuka chini.

— Nikukazie macho, baba?

— Leo ruksa.

Nikasogea mpaka pumzi zetu zikagongana.

— Yumo?

— Yumo, baba. Ila kasimama kwenye ukungu.

Akatoa mfukoni ile lenzi yake ya kuchungulizia saa, akaniwekea kiganjani.

— Nishikie. Twende wakamtolee huo ukungu.

Nikisimulia huwa naishia hapo, watu wananiita mkali. Kuna kipande nakiruka. Yule niliyemwona mle hakuwa huyu mbabe unayemjua. Alikuwa mdogo, mdogo kweli, na sikumwona vizuri. Wala si kwa ule weupe wa baba. Macho yangu ndiyo yalikuwa yamejaa maji.