Mzee Chokaa Aweka Chini Brashi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua nyumba za mtaa wa msituni kabla ya msimu wa moto, mkaguzi mkuu wa kitengo cha kinga ya moto anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Sisi tuliofanya naye kazi, na wakazi wote kuanzia barabara ya chini hadi ya juu, tunamwita Mzee Chokaa, na hatutaanza leo kumwita vingine.

Nimeombwa kuandika wasifu huu, unaosomwa leo kwenye hafla ya kumuaga na kuchapishwa jaridani, kwa sababu mimi ndiye dereva wa pikapu iliyombeba yeye, brashi yake na ndoo yake ya chokaa. Mhariri wa jarida letu alitaka niandike ya kuchekesha. Nitajitahidi, ila asinilaumu nikishindwa njiani.

Kwa walioajiriwa juzijuzi, mtaa tunaoulinda umejengwa ndani ya miti. Nyumba nyingi ni za mbao, njia ni nyembamba, na misonobari imeinamia mapaa. Kiangazi kikikolea na majani makavu yakijaa kwenye mifereji ya paa, cheche moja iliyoletwa na upepo inatosha kuondoka na nyumba nzima. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya upepo huo, Mzee Chokaa alipita geti kwa geti. Alipanda kuangalia mifereji. Aliinama kuchungulia chini ya vibaraza. Alihamisha kwa macho kila rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, mpaka mwenye nyumba alihamishe kwa mikono. Kisha alichora alama kwenye nguzo ya geti. Mstari mmoja ulimaanisha nyumba imeandaliwa, na gari la zimamoto likifika lisimame hapo lipambane. Mistari miwili iliyokatana, ambayo wakazi waliibatiza jina la mkasi, ilimaanisha hapa hapana nafasi ya kupambana wala ya kukimbilia, gari lipite likaokoe ile inayookoleka.

Katika kazi hiyo hakuwa na mswalie mtume. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi kupata mkasi siku ambayo alikuwa ameandaa chai na vitafunio kwa ajili ya ukaguzi. Mzee Chokaa alikunywa chai, akashukuru, akaenda getini na brashi yake. Mwaka uliofuata hatukuandaliwa chai, lakini ua wa mwenyekiti ulikuwa mweupe kama sahani.

Wakazi nao hawakuwa wanyonge. Mwaka mmoja walipigiana simu kwamba pikapu imeonekana kona ya chini, na kila mmoja akasukumia majani yake uani kwa jirani wa juu. Jirani naye akayasukuma mbele. Kufikia alasiri, majani ya barabara nzima yalikuwa yamerundikana kwa muuguzi anayekaa mwisho wa njia, naye alikuwa amelala akitoka zamu. Aliamka akakuta mkasi getini na mlima wa majani mlangoni. Maneno aliyosema siku hiyo hayafai jarida la wafanyakazi. Tangu hapo Mzee Chokaa akawa haambii mtu ataanzia wapi, hata mimi dereva. Nilikuwa nawasha gari ndipo ananiambia nikate kushoto au kulia.

Alikuwa na sharti moja ambalo halikuwahi kuandikwa popote: mkaguzi hashiki reki. Alipoanza kazi alimsaidia bibi mmoja kukusanya majani, na alipogeuka akakuta majirani wameegemeza reki zao kwenye mageti yao, kila mmoja akingoja zamu yake. Akasema basi. Ukimfagilia mmoja umewadhulumu wengine, na wenye nyumba wakizoea kufagiliwa, moto utawakuta wamekaa wakikungoja. Tulimtania sana kwa hilo. Fundi wetu wa pampu alikuwa akiapa kwamba Mzee Chokaa hajui reki inashikwa upande gani.

Ametuachia mengi. Njia ya nyuma ya kutokea, ambayo sasa kila mtoto wa mtaa anaijua, aliipigania vikao na vikao mpaka wakubwa wakachoka kumsikia. Namba za nyumba zinazosomeka ndani ya moshi ni wazo lake. Vijana wote wa ukaguzi mnaowaona wakipanda mapaa leo amewafundisha yeye, na ameshawakaripia wote.

Sasa nafika pale nilipomwambia mhariri asinilaumu.

Mwisho kabisa wa barabara ya juu, kupita njia ya muuguzi, ilikuwapo nyumba ya marehemu mama yake Mzee Chokaa. Humo aliishi dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, huyo dada ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule akiwa amemshika mkono, na shati lake la kwanza la kazi alimshonea yeye. Nyumba ilizungukwa na misonobari aliyoipanda mama kwa ajili ya kivuli, na matawi yalikuwa yamelala juu ya paa. Kila mwaka Mzee Chokaa aliomba ikatwe. Kila mwaka dada alicheka akamjibu, “Miti hii ilikuwepo kabla wewe hujajua kuvaa suruali.”

Yeye alimbembeleza kama mdogo kwa dada yake. Akamwonya kama afisa. Mwaka mmoja, baada ya kuzunguka nyumba mara ya pili, alitoka getini akachora mkasi. Mimi nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti, nisimwone. Dada alidhani ni utani wa ndugu, akawa anawaonyesha majirani huku akicheka.

Moto ulikuja kiangazi hichohicho, mchana kweupe, upepo ukiusukuma kutoka mgongo wa mlima. Watu walitolewa kwa njia ya nyuma, wote, akiwamo dada. Gari la zimamoto lilipanda barabara ya juu, dereva akauona mkasi, akageuza. Likarudi likasimama kwa muuguzi, ambaye mwaka huo alikuwa na mstari, na nyumba nyingine zote za upande ule zikapona. Ya mama ikaungua yote: kitanda chake, picha zake, kila alichowahi kukishika. Misonobari miwili ilianguka ikaziba ile njia ya getini. Dereva yule bado yumo kazini na wanawe wanasoma, na huwa anasema kwamba angeingia pale asingetoka.

Jioni, kwenye uwanja wa shule walikokusanyika waliohamishwa, dada alisimama mbele ya mdogo wake na watu wote wakisikia.

“Ungechora mstari tu,” alimwambia. “Wangesimama.”

“Ndiyo, dada,” alijibu. “Wangesimama.”

Mimi nilikuwa pembeni na dereva wa gari la zimamoto alikuwa nyuma yangu, akiwa bado na masizi usoni. Kuanzia siku hiyo dada hakumsemesha tena.

Dada alijenga nyumba ndogo ya mbao palepale, yenye kibaraza, na hakupanda hata ua moja karibu na ukuta. Kila msimu uwanja wake ulikuwa msafi kuliko yote. Pikapu ikisimama tu, yeye aliingia ndani akafunga mlango. Mzee Chokaa alikagua, akachora mstari, kisha akapanda kibarazani akauambia mlango, “Shikamoo, dada.” Akasubiri kidogo. Mlango ukanyamaza. Tukaondoka.

Miaka ilipita hivyo. Mke wa Mzee Chokaa alijaribu kusuluhisha, wazee wa familia wakajaribu, hata muuguzi ambaye nyumba yake ilipona alijaribu, na wote walirudi na nyuso za aibu. Kazini hakulizungumza. Tulichokuwa tunakiona ni kwamba baada ya geti lile hakutaka redio ya gari iwashwe. Mara moja tu aliniambia, tukiwa tunashuka kona, kwamba hataki asamehewe kwa ule mkasi maana angeuchora tena leo hii. Anataka dada amwitikie salamu, basi. Niliona barabara inaanza kupotea kwa machozi, nikapunguza mwendo.

Mzunguko wake wa mwisho ulikuwa kiangazi hiki. Bila kuulizwa aliniambia tuanzie chini, ili geti lile liwe la mwisho. Tulipofika tulilikuta liko wazi. Majani yalikuwa yametapakaa uwanja mzima, na mifereji imejaa. Dada alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti, amejifunika shuka, amekonda hata nilichelewa kumtambua. Muuguzi ndiye aliyekuja kutunong’oneza kwamba maradhi yake yamefika pabaya, na kwamba amekataa katakata mtu yeyote asiguse uwanja wake. Safari hii hakuingia ndani. Sijui kama alishindwa kuinuka au hakutaka.

“Shikamoo, dada,” alisema Mzee Chokaa. Dada akatazama miti ya nje ya ua.

Uwanja ule ulistahili mkasi. Alikuwa na ndoo mkono mmoja na brashi mkono mwingine, na vijana wa ukaguzi walikuwa wamekaa nyuma ya pikapu wakimtazama. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba hawezi kuchora mstari wa uongo, hata mbele ya dada anayekufa. Kisha akaiweka ndoo chini, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na reki.

Fundi wa pampu amekuwa akikosea siku zote. Mzee Chokaa anajua sana reki inashikwa upande gani. Alianzia kwenye kona ya ua akaja taratibu kuelekea nyumba, koti amelivua, jasho likimchuruzika. Vijana waliposhuka kumsaidia aliwarudisha kwa mkono. Alikwangua mifereji. Alibeba majani mapakacha kwa mapakacha mpaka kwenye shimo la nje. Dada alimfuata kwa macho muda wote. Alipomaliza alisimama katikati ya uwanja akihema, akaigeukia ndoo ya chokaa.

“Chini ya kibaraza bado kuna majani,” dada alisema.

Mzee Chokaa alipiga magoti papo hapo. Akaingia chini ya kibaraza mzima mzima, tukabaki tunaona nyayo za viatu vyake tu, na majani yakaanza kutoka kwa mafungu. Alipojitokeza, kichwa kilikuwa kimejaa utando wa buibui na uso umelowa, na sidhani ulikuwa umelowa jasho peke yake. Dada alimtazama kutoka juu, pale kwenye kiti.

“Marahaba,” akamwambia.

Hatukujua anaitikia shikamoo ya mwaka gani, na Mzee Chokaa hakuuliza. Alikagua uwanja wote upya, kama mtu ambaye hajawahi kufika pale, ndipo akaenda getini kuchora mstari. Halafu akaniambia nirudishe gari peke yangu na vijana. Likizo yake yote iliyobaki aliimalizia kwenye kibaraza kile. Waliongea nini hatujui, isipokuwa muuguzi anasema kuna siku aliwasikia wakibishana kuhusu suruali. Dada alifariki kabla ya chokaa kufifia getini. Tulimzika tukiwa na sare zetu, na dereva wa gari la zimamoto aliomba awe miongoni mwa wabeba jeneza.

Sasa Mzee Chokaa na mkewe wamehamia nyumba ile. Amekuja ofisini mara moja tu tangu msiba, kurudisha brashi, na kutoa ombi moja ambalo ameagiza lisomwe leo mbele yenu: nyumba yake ikaguliwe kama za wengine, asipewe mstari kwa sababu ya heshima.

Mzee wetu, ahsante. Ahsante kwa nyumba zilizosimama, na kwa wenzetu waliorudi makwao wakiwa hai kwa sababu uliweza kuchora lililokuumiza. Pole kwa dada. Pumzika, uwe na afya, na kivuli cha mbali kidogo na paa. Kuhusu ombi lako usiwe na wasiwasi. Msimu ujao tutakuja, hatutakwambia tunaanzia wapi, na chini ya kibaraza tutachungulia.