Ndoo Chini ya Meza

Treni ilikuwa haijashika mwendo pale muuguzi aliyekaa dirishani alipoanza kumsifu mtangazaji wa kipindi cha mapishi, aliyehamia kituo kikubwa cha televisheni. "Yule dada anakula kwa moyo wote!"

Mpishi aliyekaa mbele yake akaguna. Miaka tisa alimpikia huyo dada na kumshikia ndoo chini ya meza. "Anatafuna, anafumba macho, kamera ikizimwa anatema. Tonge langu la kipindini hajawahi kulimeza."

"Mama, huo si wivu?"

Wivu ulikuwepo, tena mwingi, lakini si wa kuelezwa ndani ya treni. "Siku ya kuaga alinikuta nakula kiporo changu cha maharage. Alininyang'anya mkebe, akaukwangua kwa kidole huku machozi yanamtoka. Akaniomba nisimwambie mtu."

"Mbona juzi kaulizwa chakula anachokipenda, akasema samaki wa kuoka?"

"Mwaka wa kwanza alitaka kusema maharage, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia watamcheka, aseme samaki."

Treni ikasimama. Mpishi akaokota mkebe wake, akashuka bila kuaga.